Maziwa ya Mgeni

Mimi ni fundi makochi. Viti vya wakubwa nimevivua nguo vingi, na wenyewe nawajua kwa makalio kabla sijawajua kwa sura. Kiti cha mtu wa kazi huchakaa ukingoni, kwa sababu anakaa akiwa tayari kusimama. Kiti cha mkubwa huchakaa katikati, kinabonyea shimo kama pa kulala mbwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nina kinyongo na wakubwa, namwambia siwachukii kwa kusikia habari zao. Nawafahamu.

Mke wangu alikufa saa nane mchana, siku ya kazi, hospitali imejaa watu wenye vitambulisho shingoni. Mtoto alitoka salama, mama akawa anavuja damu. Damu ya kumwongezea ilikuwepo, ndani ya friji, chumba cha tatu kutoka pale alipolala. Ufunguo wa friji alikuwa nao mkuu wa hospitali. Mkuu alikuwa kwenye mkutano, na simu kaizima kwa heshima ya mkutano. Mimi walinitoa nje wakaniambia tunamchukua kwa muda, baba, subiri hapo. Nikasubiri. Mkutano ukaisha saa tisa.

Nikarudi nyumbani na mtoto wa kiume mikononi. Nyumbani alikuwepo dada yake, wa miaka miwili na miezi mitatu, ambaye mimi na marehemu tulimwita Mkaguzi kwa sababu hakuna sufuria asilofunua wala begi asilopekua. Akamfunua na huyu. Akamtazama vidole, akamtazama masikio, akauliza mama yuko wapi. Shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu, akamwambia huyu ni mgeni, mama kamtuma. Mkaguzi akauliza mgeni anaondoka lini. Watu wa msibani walicheka hadi wakalia, na jina la Mgeni likamganda mtoto hivyo hivyo.

Baada ya mazishi wote waliniachia maagizo. Ukiwa na msiba utashangaa wenye maagizo walivyo wengi na wenye mikono walivyo wachache. Kopo la maziwa liwekwe juu. Chupa ichemshwe. Mgeni asilale chali, mwingine akasema asilale kifudifudi. Kila mtu aliniuliza Mgeni anakula nini. Shemeji alikaa siku tisa, halafu naye ana watoto wake watano, akaenda. Mimi nikamkalisha Mkaguzi mapajani nikamwambia, wewe sasa ni mkubwa, utamsaidia baba. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa cheo.

Chumba changu na karakana ni mlango kwa mlango. Mgeni nilimlaza kwenye kiti cha mteja, kile chenye mikono mirefu, nimekijaza sponji mpya asiporomoke. Mkaguzi nikamkalisha pembeni yake. Nikitengeneza chupa, napima vijiko kama nesi alivyonionyesha, nasawazisha kijiko kwa kisu kisizidi wala kisipungue. Halafu namkabidhi Mkaguzi chupa, amshikie mdogo wake, mimi nageuka kupiga misumari. Kazi ya makochi inataka mikono miwili na mdomo, maana misumari midogo tunaishika kwa meno. Baada ya muda nasikia nyuma yangu, "Kamaliza." Nageuka, chupa nyeupe tupu, Mgeni kafutwa mdomo, katulia.

Nilijivuna, sitaficha. Jirani yangu dobi, ambaye pasi yake na ulimi wake vyote ni vya moto, alikuwa akipita mlangoni ananiuliza, "Fundi, umeajiri yaya au umeajiri nesi?" Namwambia huyu ni msimamizi wa zamu. Watu walisimama kumtazama. Na Mgeni walimsifu kwa upole. Mtoto gani huyu, hata kulia halii.

Kliniki ya hospitali ile ile hawakusifu. Wiki ya tatu Mgeni alikuwa na kilo tatu na gramu mia. Wiki ya tano, tatu na mia mbili. Nesi wa mizani, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, akaniuliza kama mtoto anamaliza chupa. Nikamwambia habakizi hata tone. Akanitazama juu ya miwani, mbele ya akina mama foleni nzima, akasema basi mimi nayatia maziwa maji. Wanaume tunaopewa kopo, akasema, tunataka lifike mwisho wa mwezi.

Mimi, ninayesawazisha kijiko kwa kisu.

Nilirudi nyumbani. Hawa ndio walioshindwa kufungua friji, leo wananifundisha kulisha. Nikakata shauri kwamba mizani yao mbovu, kama kila kitu chao. Mara zote mbili Mgeni alikuwa amepimwa na kifulana chake. Nikachukua waya wa springi, nikakata vipande vinne vifupi, nikavizungushia kitambaa kizito mara mbili visimchome, nikavishona ndani ya pindo la kifulana. Mshono wangu mtu haoni. Niliona nasahihisha kosa lao.

Wiki ya sita nesi akampokea Mgeni, akampapasa mgongo, mkono ukasimama. Akakunja pindo, akalikandamiza kwa kidole gumba. "Baba, hiki ni nini?"

Alichukua mkasi akafumua mshono wangu, akavitoa vile vipande kimoja kimoja akavipanga juu ya meza. Akina mama waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunong'ona. Mgeni akapimwa uchi. Tatu na mia mbili, kama wiki iliyopita, hakuongezeka hata unywele.

Wakamwita afisa wa ustawi kutoka chumba cha pili. Kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri, nadhani na jirani yangu. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma, alikuwa anasoma tu kwenye karatasi. Nina wiki moja. Mtoto asipoongeza gramu mia mbili, atapelekwa kwenye makao ya watoto wachanga hadi hali itakapotengemaa. Nikamwuliza maana ya hadi. Akasema, "Ni kwa muda tu, mzee."

Ndugu msomaji, neno hilo nilikwisha kulisikia kwenye jengo lile lile.

Siku tatu sikula vizuri. Niliwatukana wote niwajuao kwa vyeo, kuanzia nesi hadi mkuu hadi yule aliyempa mkuu ukuu. Dobi akanisikiliza huku ananyunyiza maji kwenye suruali za watu. Akasema niwatukane polepole, nguo za hao hao ndizo zinazotulisha sote.

Siku ya nne nilikuwa chini ya kochi kubwa. Sehemu ya kukalia nilikuwa nimeiondoa yote, nimelala chali sakafuni navuta mikanda, misumari mdomoni. Nimeshampa Mkaguzi chupa. Safari hii sikuwa nimewapa mgongo. Kati ya mkanda na mkanda nilikuwa nawaona, wao hawanioni.

Mkaguzi alimtia Mgeni chupa mdomoni. Mgeni akanyonya mafundo mawili matatu. Halafu dada mtu akaichomoa, taratibu, bila hila usoni, akajikunja kwenye kona ya kiti, akageukia ukuta, akanyonya. Mkono mmoja umeshika chupa, mkono mwingine unasokota pindo la gauni lake. Nilikuwa nimesahau ule msokoto. Hivyo ndivyo alivyokuwa anasokota gauni la mama yake. Alikuwa bado ananyonya kidogo kidogo, asubuhi na kabla ya kulala, hadi siku mama yake aliposhika begi kwenda kujifungua. Mama alimwambia akirudi atampa. Mgeni akachezesha midomo hewani, akangoja, akachoka, akafumba macho. Huo ndio uliokuwa upole wake.

Alipomaliza alishuka, akamfuta Mgeni mdomo kwa gauni, akatangaza. "Kamaliza."

Nilitema misumari nikatoka chini ya kochi. Nilimpiga kofi la mkononi, chupa ikaruka. Siandiki hapa nijisafishe, nilimpiga kwa nguvu. Hakulia. Alikwenda akaiokota ile chupa, akanirudishia, akasema, "Na mimi mtoto."

Nilikaa sakafuni. Nilitafuta mkubwa wa kumlaumu, na kwa mara ya kwanza sikumpata hata mmoja aliyekuwa ndani ya karakana ile zaidi yangu. Nilimpa mtoto wa miaka miwili zamu, nikampa cheo, halafu nikageuka kupiga misumari.

Tangu saa ile kazi ilisimama. Mteja mwenye kochi alikuja mara mbili akanikuta nimekaa ukingoni mwa kochi lake lisilo na pa kukalia, Mgeni mkono wa kushoto. Chupa nzima ya kwanza Mgeni aliitapika yote begani kwangu, tumbo halijazoea. Ya pili ikakaa. Mkaguzi nikampa maziwa kwenye kikombe, akayamwaga sakafuni akinitazama. Nikanunua chupa ya pili. Akaipokea, akajikunja pembeni yangu, akasokota pindo la shati langu.

Dobi alipopata habari hakunitania. Alifunga mlango akaniambia nisithubutu kuisema ile habari kliniki. "Ukisema mtoto alikuwa analishwa na mtoto, hawatachukua mmoja, watachukua wote wawili. Ukinyamaza, Mungu atajazia gramu." Nilimwona ana akili. Nilikwenda siku ya mizani nimeapa kunyamaza.

Mgeni aliwekwa uchi. Nesi akasubiri mshale utulie. Nikausoma kabla yake: tatu na mia tatu na arobaini. Mia na arobaini ndani ya siku tatu za kula. Lakini karatasi haikuandika siku tatu, iliandika wiki, na iliandika mia mbili. Kijana wa ustawi alikuwa amesimama mlangoni na fomu yake. Akasema kweli kuna mabadiliko, lakini kiwango hakikufikiwa, na baada ya lile jambo la waya ofisi haiwezi kumwamini mzazi kwa maneno. Akafungua kalamu.

Mkaguzi alikuwa ameshika suruali yangu. Nikamwangalia yeye, nikaiangalia ile kalamu. Kama ni kumchukua Mgeni, wamchukue wakijua. Siwezi kuwaachia waseme niliyatia maji maziwa ya mwanangu.

"Huyu ndiye aliyekuwa anayanywa," nikasema. "Chupa nilikuwa nampa yeye amlishe. Nilikuwa na kazi. Nimejua siku tatu zilizopita."

Kijana aliandika. Nilimwona anaandika neno refu. Akaniuliza umri wa mlishaji, na hilo neno mlishaji nusura nimrukie. Nesi akamwambia angoje. Akainama kwa Mkaguzi, akaniuliza aliachishwa lini ziwa. Nikamwambia siku mama yake alipoingia humu ndani. Akauliza nani alimwachisha. Nikamwambia ninyi.

Hakubisha. Aliniomba kadi ya Mkaguzi. Ilikuwa chini kabisa ya mfuko, imekunjamana, mara ya mwisho iliandikwa kliniki mama yake akiwa hai, siku chache kabla ya kujifungua: kilo kumi na gramu mia mbili. Akamvua viatu akamsimamisha kwenye mizani ya wakubwa. Kumi na moja na mia tatu. Miezi miwili haijatimia.

Nesi akacheka, cheko fupi la puani, kisha akalificha. Akamgeuzia kijana ile kadi. "Maziwa yako hapa. Kama yangekuwa maji, huyu angenenepa kwa nini?" Kijana akatazama kadi, akatazama tumbo la Mkaguzi, ambaye alilivuta gauni juu amwonyeshe vizuri. Akapiga mstari juu ya lile neno refu. Wiki mbili, akasema. Wote wawili waletwe wapimwe. Na mtoto asilishe mtoto. Akaondoka na fomu yake bila kusema samahani, na mimi sikuitegemea.

Nilikuwa namvisha Mgeni. Nesi alifunga mlango, akasimama na mgongo kwenye kitasa.

"Siku ile nilikuwa zamu," akasema. "Mimi ndiye niliyetumwa kufuata ufunguo. Niligonga mlango wa mkutano mara mbili. Mtu akatoka akaniambia nisubiri."

Nikamwuliza kwa nini hakugonga mara ya tatu. Akasema aliogopa kazi yake. Alisema hivyo hivyo tu, bila kutafuta njia ya pembeni. Nilikuwa na matusi ya miezi miwili, nimeyapanga kwa vyeo, na pale mbele yangu alisimama mtu aliyestahili baadhi yake. Nilimwambia mke wangu angekuwa hai. Akasema anajua. Nikamwambia tena, kwa sauti kubwa, nje wakasikia. Akasema anajua.

Ndipo Mgeni alipoanza kulia. Saa yake ilikuwa imefika na sasa alikuwa anaijua. Mkaguzi naye akaanza, maana chupa ni mbili na alishaona mfuko. Maji ya moto yalikuwa yameniishia. Nesi akaenda akarudi na birika. Nikapima vijiko mbele yake, nikavisawazisha, na nilihakikisha anatazama. Kiti kilikuwa kimoja, nikakikalia mimi na Mgeni.

Sikumsamehe. Nilimpa chupa ya pili, akakaa sakafuni na koti lake jeupe, Mkaguzi akampanda mapajani bila kuuliza, akaanza kusokota pindo.