Hajra na 524,287

Mwalimu Sixbert hakutaka kumsajili Hajra kwa mtihani wa kidato cha nne, ila kumwambia usoni aliona haya. Mara mbili mama wa watu kashafeli hesabu, na kituo chake cha masomo ya jioni pale Bagamoyo kilitaka sifa, si aibu. Basi akamwandikia namba ubaoni: 524,287.

“Nitafutie namba inayoigawa hii bila baki, ukiacha moja na yenyewe,” akasema. “Ukiipata, nasaini fomu yako. Una wiki mbili, na kikokotoo marufuku, kama kwenye mtihani.”

Hila hiyo, jamani. Namba ile ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na mwalimu alijua fika. Alitaka Hajra achoke mwenyewe, arudi Kaole kwenye cherehani yake, asimlaumu mtu.

Hakumjua Hajra. Aligawa kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba. Nne na sita hakuhangaika nazo. Iliyoishinda mbili, sita itaiweza wapi? Aligawa nyuma ya karatasi za kukatia magauni, wateja wakinuna. Alipofika 73 ikabaki moja. Moja tu! Roho ilimuuma mpaka akashika kifutio aifute ile moja, kisha akakiweka chini. Dada yake, Mwanaharusi, akamwambia aache, hesabu hazikuumbiwa kila mtu.

“Niache miye,” Hajra akajibu, akaanza 79.

Siku ya kumi, akiona namba haziishi, alifungua kitabu cha majedwali akatafuta kipeuo cha pili cha namba ile. Kilikuwa 724 na ushei. Akatulia, akafikiri, akaelewa kwamba kazi ina mwisho.

Wiki mbili zilipotimia alirudi na bunda la karatasi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Umeipata?”

“Haipo.”

“Hujaipata, ndiyo useme haipo?” Akafunua karatasi ya mwisho. “Umeishia 719. Mbele kuna namba kibao.”

“Za mbele sina haja nazo. Namba kubwa ikiigawa hii, jibu lake ni namba ndogo, chini ya 724, na hiyo ndogo ningeshakutana nayo. Namba tasa za chini ya hapo ni mia na ishirini na nane. Zote zimo humu, kila moja na baki lake. Tafuta kosa.”

Mwalimu akatafuta. Akagawa kwa 719 mwenyewe, ikabaki 136, vilevile alivyoandika Hajra. Akajaribu nyingine tatu, zote zikalingana.

“Ulijua haipo,” Hajra akasema.

“Nilijua. Nisamehe, dada yangu.” Akazikusanya karatasi taratibu. “Mbona hukuacha hata ulipofika ya hamsini?”

“Kushindwa nimezoea, mwalimu. Safari hii nilitaka nijue aliyeshindwa ni mimi, au ni wewe uliyenituma.”

Akamsukumia fomu. Sixbert akasaini bila kuinua macho.