Robota la Uzi Mwekundu

Harufu ya ukungu ilimkuta Bimdogo mlangoni mwa godauni la mtaa wa Shahe, kabla hata hajafunga mwavuli. Vitenge, madira, sare za harusi ya binti wa Fathiya, mfanyabiashara mwenzake: marobota yaliyokuwa yakisubiri kontena moja la kwenda Dar yalikuwa yameota madoadoa ya kijivu.

“Kuna mtu kaleta kitambaa kibichi,” alisema. Yeye ndiye aliyeweka desturi ile miaka tisa nyuma: kila mfanyabiashara anapoleta mzigo, hushika robota lake mbele ya wenzake na kusema, langu kavu. “Wallahi nikimjua, hapakii nasi tena. Awe nani, awe nani!”

Macho ya wenzake yakamwendea Martina, mgeni kutoka Mwanza. Bimdogo hakungoja.

“Bibie, toa mzigo wako nje.”

“Mama, mimi nilianika siku tatu.”

“Ulianika maneno. Toa!”

Robota la Martina likaburutwa hadi mvuani. Ndipo Sufian, mpakiaji wao, akaanza kuchana mengine ili kuokoa yaliyopona, akifuata weusi wa ukungu ulivyozidi kukolea kuelekea katikati. Huko akakuta robota lililooza hadi moyoni, limeshonwa kwa uzi mwekundu. Godauni zima, Bimdogo peke yake ndiye aliyeshonea uzi mwekundu.

Akawa kama mtu aliyetega kitendawili kwa mbwembwe, kumbe jibu ni jina lake.

Akakumbuka Zhongda, soko la vitambaa la Wachina aliponunua mzigo ule. Mwenye duka aliminya kitambaa, akatikisa kichwa, akamwonyesha vidole viwili: ngoja siku mbili. Yeye akacheka, akalifunga robota hivyo hivyo. Kisha akaja hapa, akaweka kiganja juu ya robota, akatamka “langu kavu” bila hata kupepesa macho.

“Ni kudra, dada yangu,” Fathiya alisema polepole. “Mvua ya mwaka huu nani angeizuia?”

Bimdogo alilitamani neno lile kama mwenye homa anavyotamani blanketi. Mvua ilikuwa ya Mungu, kweli. Kiganja je?

“Sufian,” alisema, uso ukimchoma, “toa na yangu.”

“Yote, Bi?”

“Yote.”

Nje, Martina alikuwa amechuchumaa, amelifunika robota lake kwa koti alilolivua mwilini. Bimdogo akainama topeni, akaishika kamba ya robota.

“Tulirudishe ndani, mwanangu.”

“Limeshalowa, Mama.”

“Najua.”

Hakuiachia kamba. Martina naye hakusimama.