Dakika Tatu za Aune

Reino Lahtinen alikuwa amepiga magoti mbele ya tanuri la kupashia nyumba joto, katika chumba cha chini ya nyumba, miwani imemtelemkia puani, akiandika kwa herufi kubwa juu ya utepe mweupe wa kunata: FUNGUA HII KWANZA. Akaukata kwa meno, akaubandika kwenye koki nyekundu, akausugua kwa kidole gumba mpaka ukashika. Kisha akaandika wa pili: SUBIRI KIDOGO. USIOGOPE MLIO.

Ulikuwa mwezi wa pili, na theluji ilikuwa imefika kwenye kingo za madirisha ya chini. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiizunguka nyumba yake namna hiyo, na utepe mkononi: kwenye kisanduku cha fyuzi, kwenye pampu ya kisima, kwenye mashine ya kusukuma theluji, kwenye kila ufunguo wa banda. Hivyo vyote vilikuwa kazi yake tangu waoane, miaka arobaini na minne, na Aune hakuwahi kuwa na haja ya kuvigusa. Alipomwuliza anafanya nini, alimjibu kwamba uzee umeanza kumsahaulisha. Jibu hilo lilikuwa na chembe ya ukweli, ndiyo maana lilimtoka kirahisi.

Yaliyobaki hakuyasema. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, akaacha kazi ya msituni. Ndugu yake Waino alizikwa majira ya majani kupukutika. Tangu hapo siku zilimjia zote zikiwa na sura moja, kama uso wa mtu usiyemjua. Alikula kwa sababu Aune amepakua, akalala kwa sababu Aune amezima taa. Hakuwa na uchungu wa kulia. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu anayetaka kuiacha nyumba katika hali nzuri kabla ya safari.

"Nakwenda kufuma," Aune alisema kutoka juu ya ngazi, tayari amevaa koti. Kila Jumanne alikwenda kanisani kufuma na akina mama wenzake. "Supu ya samaki iko jikoni. Usisahau kula."

"Sisahau."

"Jumanne iliyopita ulisahau."

"Basi leo nitakula mara mbili."

Hakucheka. Alishuka ngazi zote, na viatu vyake vya theluji miguuni, akainama akambusu utosini, akapanda tena akaenda zake.

Kabla ya saa nne utepe ukamwishia. Reino akawasha gari lake akaenda mjini kununua mwingine, na kwa kuwa vidole vilikuwa vimekufa ganzi akaingia mkahawani apate kahawa. Bucky Trudeau, aliyekata naye miti miaka ishirini, alikuwa mezani peke yake na mkate wa nyama.

"Karibu, mume wa mheshimiwa!" Bucky akapaza sauti. "Kaa, bwana. Au siku hizi tuombe ruhusa kwanza?"

"Una nini wewe?"

"Mimi sina kitu. Na mkeo akimaliza kazi yake nitabaki sina kitu kweli, hata bunduki ya kuwindia sungura." Akameza tonge. "Kila Jumanne yuko pale barazani, anawakalia madiwani kooni waifuate ile sheria ya bunduki. Usiniambie hujui."

"Aune yuko kanisani. Anafuma."

Kicheko kikamkauka Bucky mdomoni. Akakishika kisu chake, akakiweka tena. "Basi, kaka," akasema kwa sauti ya chini, "leo anafuma na madiwani."

Kahawa ilipoletwa Reino alikuwa amekwisha toka.

Sheria yenyewe aliijua vizuri. Jimbo lilikuwa limeamua kwamba mtu anayeelekea kujidhuru au kudhuru wengine, jaji anaweza kuamuru bunduki zake ziwekwe mbali naye kwa muda, kisha arudishiwe. Kaunti ya Black Alder ilikuwa imejibu kwa azimio: hakuna askari wake wala gari lake litakalotumika kutekeleza amri ya namna hiyo. Siku azimio lilipopita, Reino alikuwa ukumbini. Alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma, yeye na Waino, bega kwa bega. Na sasa mkewe alikuwa akienda kulibomoa kwa siri. Mbele ya kijiji kizima! Alijiona kama mtu aliyetembea barabarani na shati lililochanika mgongoni, kila mtu analiona isipokuwa yeye.

Aliingia ukumbini akiwa na nia moja, kumchukua mkewe na kurudi nyumbani. Lakini viti vilikuwa vimejaa, watu wamesimama hata ukutani, na kabla hajapata njia mwenyekiti wa baraza, Lorraine Pelkie, akasoma jina kwenye karatasi.

"Aune Lahtinen. Una dakika tatu."

Aune akainuka kutoka safu ya pili, amevaa sweta yake ya buluu ya Pasaka. Reino akajibanza nyuma ya nguzo.

"Nimeendesha basi la shule la kaunti hii miaka thelathini na moja," Aune alianza. "Wengi wenu humu nimewapeleka shule. Wengine nimewafuta makamasi."

Watu wakacheka, hata madiwani wawili. Kando ya ukuta Dale Niemi, mkuu wa polisi wa kaunti, akainamisha kichwa akitabasamu. Alikuwa mmoja wa hao.

"Jumanne zote zilizopita niliwasomea vifungu vya sheria. Leo sina kifungu." Akaikunja karatasi yake. "Kuna mtu ninayempenda. Ana bunduki, kama ninyi nyote, na hajawahi kumtishia mtu. Lakini tangu majira ya baridi yaanze amekuwa akiniondoka kidogo kidogo. Ameanza kubandika maandishi nyumbani. Hii fungua, ile funga, huyu ndiye fundi wa kumwita. Juu ya pampu ya kisima ameandika: IKIGANDA, SI KOSA LAKO."

Nyuma ya nguzo, Reino akavua kofia yake.

"Mtu mwingine angeona ananifundisha kutumia pampu," Aune aliendelea. "Mimi nimelala ubavuni mwake miaka mingi. Najua ananiaga."

Mtu mmoja safu ya mbele akanong'ona, si kwa siri sana, "Akamwone daktari, basi, atuachie bunduki zetu." Aune akamgeukia, bila hasira.

"Nimemwomba aende kwa daktari. Anasema kesho. Kila siku anasema kesho, nami kila usiku nahesabu pumzi zake. Nilimpigia mkuu wa polisi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, Bi Aune, jaji anaweza kutoa amri, lakini baraza limenifunga mikono. Ng'ambo ya mto, kaunti jirani, wangekuja siku hiyohiyo. Sisi tunaishi upande huu. Siwaombi mmnyang'anye mtu chochote. Nawaomba mfuate sheria, ili nipate muda wa kumrudisha nyumbani. Yuko nyumbani, lakini..." Akawatazama madiwani mmoja mmoja. "Mnanielewa."

Kengele ya dakika tatu ikalia. Akakaa.

Mtu wa makamo aliyesimama karibu na nguzo akamwinamia Reino. "Mama yule ni mke wa nani?"

Reino alimtazama Aune pale safu ya pili.

"Wangu," akasema.

Alikuja pale na maneno makali tayari ulimini, sasa hakuyaona yamekwenda wapi. Wiki zote hizo alidhani anafanya kazi yake kimya kimya, kwa ustadi, pasipo kumsumbua mtu. Kumbe kila kibandiko alichobandika, mtu mwingine alikuwa akipita nyuma yake na kukisoma, peke yake, kisha akipanda juu kupika supu. Hakuwahi kumwona akilia. Alilia wapi? Ndani ya gari? Kanisani, kabla ya kuja hapa?

Akainua mkono, na mkono ukatetemeka mbele ya watu wote.

"Jina lako halimo kwenye orodha, Reino," mwenyekiti alisema kwa upole.

"Halimo, Lorraine. Nilikuja kumchukua mke wangu." Vichwa vikageuka. Aune hakugeuka, mabega yake tu yalipanda, yakakaa pale juu. "Nina swali moja. Si la baraza. Ni la Dale."

Lorraine akatazama madiwani wenzake, akampa ishara aendelee.

"Dale. Kama mtu mwenyewe angekupigia simu, akasema njoo uzichukue, uniwekee. Ungekuja?"

"Azimio la kaunti linasema..." diwani mmoja akaanza.

"Sijaliuliza azimio. Nililipigia makofi, nalijua."

Dale Niemi alivua kofia yake. Alionekana mdogo ghafla, mtoto aliyebanwa na mkoba wa shule. "Ningekuja, mzee."

"Kwa gari la kaunti?"

"Hapana. Gari la kaunti limekatazwa." Akasita. "Ningekuja na langu."

"Basi leo mchana nitakuwa nyumbani," Reino akasema. Akatoka nyuma ya nguzo, akasimama katikati ya njia huku kofia ameishika kwa mikono miwili. Safu ya pili ikafunguka ikampisha, mtu kwa mtu, mpaka akafika alipo mkewe na kuketi. Aune akamshika mkono.

Kura ikapigwa. Wawili walitaka azimio lifutwe, watatu walitaka libaki. Jumanne iliyotangulia, Aune alimnong'oneza, aliyetaka lifutwe alikuwa mmoja tu.

Waliliacha gari la Reino pale pale, wakarudi kwa gari la Aune.

"Tangu lini unajua?" Reino akauliza.

"Tangu pampu."

"Ungeniambia."

"Ungenicheka. Ungesema naota. Halafu ungevibandua vyote, nisiwe hata na cha kusoma."

Alitazama nje. Misonobari ilipita imeinama kwa uzito wa theluji. "Na ulisema unafuma."

"Nilifuma! Soksi moja kwa Jumanne sita. Wanachelewa mno kumwita mtu kwenye orodha, madiwani hao." Alivuta pumzi. "Kesho asubuhi unakwenda nami kwa daktari. Usiniambie kesho, maana kesho yenyewe ndiyo hiyo."

"Nitakwenda."

"Sema tena."

"Nitakwenda, Aune."

Hapo ndipo Aune alipoegesha gari kando ya barabara, akazima injini, akalia. Reino hakujua pa kuweka mikono yake. Akaiweka juu ya mabega ya mkewe, akaiacha itetemeke huko.

Dale alikuja saa tisa, na gari lake lenyewe, kiti cha mtoto kingali kimefungwa nyuma. Hakuvaa sare. Alikuja na blanketi za sufu za mkewe na daftari la kuandika risiti, akagonga mlango kana kwamba amekuja kuazima kitu.

Zilikuwa nne. Reino alizitoa moja moja, akahakikisha hazina risasi, Dale akahakikisha tena, Aune akashika ncha za blanketi wakati wa kufunga. Kila moja Reino aliitambulisha. Hii ndiyo aliyopigia Kaisa, binti yao, kulungu wake wa kwanza, akalia siku nzima akakataa kumla. Hii Waino alimwachia. Hii ya tatu haikuwahi kulenga sawa, ni ya kutishia kunguru tu. Dale alisikiliza yote, hakutazama saa.

Ya nne ilikuwa ya kale, kitako chake kimeng'arishwa na mikono ya watu wawili. Dale akaigeuza polepole.

"Hii ni ya baba yako, mzee. Nakumbuka alivyokuwa akiibeba." Akakuna shavu. "Ukitaka ibaki ukutani kwa ukumbusho, naweza kutoa tu kile chuma cha kufyatulia, niende nacho. Haitalia hata kidogo."

Reino aliitazama. Nje, tone la barafu iliyoyeyuka lilianguka kutoka ukingo wa paa, likafuatwa na jingine.

"Chukua yote," akasema.

"Una hakika? Ni ya ukumbusho hii."

"Hiyo hasa, Dale."

Mikono ya Aune ikasimama juu ya blanketi. Akaivuta ile ncha juu ya mtutu, akaikunja taratibu, akafunga kamba fundo mbili, akambebesha Dale mwenyewe. Kisha akaja akasimama kando ya mumewe kizingitini, bila koti, wakalitazama gari likipinda kwenye misonobari na kiti chake cha mtoto nyuma.

Baridi iliingia ndani ya nyumba, na hakuna aliyefunga mlango.

"Jumanne," Reino akasema, "wanaanza saa ngapi?"

"Saa nne. Lakini karatasi ya majina wanaitoa saa tatu na nusu, na hujaa upesi."

Reino alifikiri. "Basi tutoke saa tatu," akasema. "Barabara ina barafu."