Mlinzi wa Tangi la Tatu

Kila siku baada ya chakula cha mchana Siwema ana jambo lake moja ambalo hajawahi kumwambia mtu pale ofisini. Anarudi kwenye kompyuta yake kabla wenzake hawajamaliza soga za kantini, anavaa hedifoni, anafungua Mpita Kimya, gemu ya kwanza waliyoitengeneza, na anavuka mtaa wa kwanza bila kuonekana. Dakika kumi na moja tu, kisha anafunga na kuendelea na kazi. Ndani ya gemu ni mwanamke mpeleka barua, katika mji wa mabati na matangi ya maji ambao watawala wake wameufunga, na kila kona ina mlinzi. Mlinzi wa tangi la tatu anaitwa Mfaume. Siwema ndiye aliyemtunga, mwaka ule alipokuja kufanya mafunzo kwa vitendo kutoka chuoni, na kwa vile hakuwa na ujasiri wa kusema mengi mbele za watu, maneno yake yote alimpa Mfaume: viatu vinavyombana, kikohozi cha vumbi, na binti aliyeolewa Singida ambaye hapigi simu. Mfaume akifika kwenye tangi huketi, huvua viatu na kuanza kumlalamikia binti huyo, na mchezaji mwenye masikio anajua kwamba huo ndio wakati wa kupita nyuma yake, taratibu, kwani mzee akimtaja mwanawe hainui macho. Gemu nzima unaweza kuimaliza hivyo, usimguse mtu hata kwa kidole. Leo Siwema anapita tangi la pili, anasikia kikohozi kikija, na umeme unakatika.

Jenereta halisikiki. Wenzake bado wako kantini, na chumba kimya kabisa, joto la saa nane limeketi mabegani mwake kama mtu. Pembeni ya kibodi kuna fomu. Saa tisa Mpita Kimya wa Pili inatakiwa ipitishwe ili itumwe kwa wasambazaji, na wajaribuji ni sita, na mmoja tu akikataa haiendi popote. Watano wameshasaini, wa sita ni yeye. Fomu ina nafasi kubwa ya maoni, lakini pale ofisini kila mtu anajua unachofanya ukiwa hutaki maneno na Kaka Gervas, mkuu wao: unaandika imepita, unasaini, unakwenda zako nyumbani. Siwema ameandika imepita asubuhi hii, kwa mwandiko mzuri, yeye ambaye wiki tatu nzima amekuwa akienda chooni kulia kwa sababu ya gemu hiyo. Hajaikabidhi bado. Anaegemea mbele, kichwa kizito, na katika kioo cheusi cha kompyuta anaona uso wake, na uso ule unafumba macho kabla yake. Ananyoosha kidole aufute. Kidole kinaingia. Unaingia mkono, linaingia bega, na kabla hajafikiri kupiga kelele, ambazo hata hivyo asingepiga, miguu yake iko barabarani.

Na barabara ni nzuri, hilo lazima aseme, hata katika hasira yake anataka kuwa mtu wa haki. Mvua imetoka kunyesha, na kila dimbwi limebeba mawingu yake, na kila jani lina tone lake, tone linaning'inia, linaanguka, linaning'inia tena. Anajua yuko wapi. Yuko ndani ya ile ya pili. Anatembea, na barabara inarefuka mbele yake kama mkeka unaokunjuliwa na mtu asiyejua kuchoka, kwa sababu Kaka Gervas aliahidi kwamba mji wa safari hii ni mara kumi ya ule wa kwanza, na aliyeahidi hakusema ndani yake kutakuwa na nini. Hakuna kitu. Anapita mtaa, anapita mtaa, milango imechorwa tu ukutani, anaisukuma na rangi inabaki kiganjani. Anaona nyumba yenye kanga mbili na suruali ya mtoto kwenye kamba, anakata kona na kuikuta tena, kanga mbili na suruali ile ile, anakata kona nyingine na zimekuwa nyumba arobaini zinazotazamana kama vioo, na katika kila dirisha yupo yeye, Siwema, anajitazama akipita. Katika ile ya kwanza mitaa ilikuwa sita tu. Sita, na kila mmoja aliujua kama nyumba ya shangazi, hapa pana bati linalolia ukilikanyaga, hapa pana mama anayemwaga maji ya vyombo. Juu ya barabara hii unaelea mshale wa njano. Akisimama, mshale unamngoja. Akigeuka, unamgeukia. Hata kupotea hawamruhusu, na kinachomuuma ni kwamba hayo yote aliyaona akiwa macho, siku ya kwanza kabisa, akanyamaza.

Chini ya mshale amesimama mlinzi asiye na uso. Si kwamba umefichwa. Pale palipotakiwa kuwa na uso pamepigwa pasi, laini kama kiganja cha mtoto. Siwema anamsalimu, kwa sababu hawezi kumpita mtu mzima bila salamu, na anamwuliza njia ya kutokea ni ipi. Mlinzi anamjibu kwa fumbo. Ukiwa hatua kumi nakuona hata nyuma ya ukuta, ukiwa hatua kumi na moja hata upige ngoma sikusikii, nambie mimi nani? Siwema anajibu kwamba huyo ni mlinzi wa gemu mpya, ndivyo walivyo wote, yeye mwenyewe aliwahesabia hatua. Mlinzi anatikisa kichwa kama mwalimu. Na nini kinanifuata kila mahali lakini hakinijui jina? Bunduki, anasema Siwema, na anashangaa sauti yake ilivyo na makali. Walikuwa wamempa mpeleka barua bunduki. Wamempa na kisu, na mbio, na barua wamemwondolea, kwa kuwa watu eti wamechoka kusubiri, watu wanataka vitendo. Anamwambia mlinzi hayo yote kwa mfululizo, mlinzi ambaye hana hata mahali pa kukunjia uso, na anapomaliza mlinzi anasema tu, Kumbe unayajua, na anaanza kutembea, naye anamfuata, na barabara inapinda, na nyumba arobaini zinapinda pamoja nayo.

Wanafika kwenye tangi. Ni la tatu, analijua kwa kutu yake, ingawa sasa kutu imesuguliwa ikang'aa. Mlinzi anampa mgongo na kusimama wima, na maandishi meupe yanajitokeza angani: Muue mlinzi ili uendelee. Siwema anatazama mkono wake na kuona kisu. Anajua mahali hapa. Hili ni somo la kwanza la gemu mpya, mahali mchezaji anapofundishwa kubonyeza kitufe, na aliyetengwa kwa somo hilo, kati ya walinzi wote wa zamani, ni mmoja. Anaangalia miguu ya yule mtu. Viatu vinambana. Mfaume, anasema, ni wewe? Mlinzi hageuki. Ulinipa mdomo, anasema, wakauchukua, na wewe ulikuwepo. Siwema anatupa kisu, kinarudi mkononi. Anarudi nyuma, barabara imekuwa ukuta. Anafanya basi kile alichokijua tangu mwanzo, anaketi chini kusubiri, kwa kuwa katika ile ya kwanza ukisubiri vya kutosha mtu huchoka, hukohoa, hukumbuka nyumbani, na njia hufunguka. Anasubiri mpaka mvua inyeshe na kukatika mara tatu. Mfaume hachoki. Wamemnyima hata kuchoka. Hasira inampanda Siwema kuanzia tumboni, hasira ya mtu aliyezoea kuimeza, na anataka kusema ni nani aliyewapa ruhusa, lakini mdomo wake haufunguki, anaupapasa kwa vidole na kukuta pameanza kuwa laini. Mlango wangu una kitasa upande mmoja tu, anasema Mfaume bila kugeuka, nawe ndiye uliyesimama upande wa kitasa. Fungua mwanangu, kabla hapajaziba.

Anainua kichwa. Jasho limebandika karatasi shavuni. Feni inazunguka, skrini zinawaka, wenzake wamesimama kuzunguka meza, na Kaka Gervas yuko mbele ya dirisha, mwanga wote uko nyuma yake kiasi kwamba usoni hana macho wala pua, ni weusi mtupu. Mtu anacheka, anasema jamani mwacheni, ndoto ilikuwa ya harusi. Kaka Gervas anasema fomu zake ni tano, anataka ya sita, gari la kwenda kwa wasambazaji liko chini. Sauti yake ni ya upole, kama kawaida, na upole huo ndio siku zote uliomfunga Siwema mdomo. Anajigusa midomo. Ipo. Lakini kule nako aliidhania ipo, na mikono ya wenzake mezani imepangana kama zile nyumba, na dimbwi la chai karibu na fomu limebeba kipande cha mawingu. Dada Siwema, anasema yule mtu asiye na uso, yako imepita, si ndiyo? Huenda ni huku, huenda bado ni kule, na Siwema anagundua kwamba hasubiri kujua.

Haijapita, anasema.

Anasimama, kwa sababu maneno haya hayawezi kusemwa mtu akiwa ameketi. Niliandika imepita kwa kuwa nakuogopa, Kaka Gervas, si kwa kuwa ni kweli. Gemu hii inafanya kazi, inapendeza, na ni mbaya. Ile ya kwanza ilimfundisha mtu kumsikiliza adui mpaka amfahamu. Hii inamlazimisha amchome kisu mzee ambaye hajawahi kumsikia hata akikohoa, na njia nyingine mmeziba zote, na mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa nikiwaangalia. Mrudishieni sauti yake. Wekeni njia ya kumpita akiwa hai, hata iwe moja, hata iwe ndefu, hata akiiona mtu mmoja tu kati ya elfu. Mpaka hapo sisaini, na gari hilo liambieni liondoke tupu.