Aliumwa, Aliumia

Jumanne saa nne asubuhi, wenzake wakinywa chai, ubao uliruka kwenye mashine ya msumeno ukampiga fundi chini ya mbavu za kulia. Aliketi juu ya maranda, ameshika tumbo. Msimamizi alimuuliza, "Hujambo?" Naye, kama mtu yeyote aliyelelewa, akajibu, "Sijambo." Karani wa kiwanda alikuja na fomu, mkate ungali mdomoni, akaandika: *Fundi aliumwa tumbo.* Alikusudia kuandika *aliumia*. Ndivyo alivyojitetea baadaye, na huenda ni kweli. Msimamizi aliisoma, akaitazama tena, akaigonga muhuri upesi kuliko kawaida yake.

Wiki ya tatu fundi akawa wa manjano. Yalianza macho, zikafuata kucha, kisha kila alichogusa: kikombe, shuka, kitasa cha mlango, mkono wa msimamizi aliyekuja kumpa pole. Mkewe alifua mpaka sabuni nayo ikageuka rangi, akachoka, akaanika shuka zilivyo.

"Angalau hizo haziibiwi," alisema jirani kutoka upande wa pili wa kamba.

Mahali pamoja tu mwilini palibaki na rangi yake ya kuzaliwa. Chini ya mbavu palikuwa na umbo la ncha ya ubao, na ndani yake chapa ya kiwanda na tarehe ya Jumanne ile. Maandishi yalikuwa kinyumenyume. Nesi wa kituo cha afya aliyasoma kwa kioo chake cha mfukoni, akayanakili kwenye faili, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

"Damu iliganda baada ya lile pigo, ikaziba mrija wa nyongo," daktari alimwambia mke. "Ni nadra, lakini hutokea. Asipozibuliwa wiki hii tutampoteza. Hospitali kubwa inampokea leo hii ikiwa aliumia kazini. Sasa fomu inasema aliumwa, mama. Wanaoumwa wanasubiri miezi."

"Na hayo yaliyoandikwa tumboni?"

"Nayaona. Lakini tumbo halina saini ya msimamizi."

Mke alikwenda kiwandani moja kwa moja. Karani alimpa kiti.

"Shemeji, herufi moja tu. Toa w, weka i."

"Shemeji, ingekuwa yangu ningeing'oa kwa meno. Iliyokwisha kupigwa muhuri haifutwi."

Msimamizi alitoka ofisini, amevaa glavu. Alikuwa akizivaa hata wakati wa kula. "Mbona mwenyewe alisema hajambo?" aliuliza. "Watu kumi walimsikia."

"Ulitaka ajibu nini?" mke alisema, na sasa alikuwa akilia kwa hasira. "Nani amewahi kuulizwa hujambo akasema ana jambo? Mume wangu anakufa kwa adabu yake!"

Msimamizi alimpa pole na kurudi ndani.

Fundi alifariki Alhamisi. Siku hiyohiyo sakafu ya kiwanda, pale alipokuwa ameketi, ilitoa rangi ya manjano isiyokubali brashi. Msimamizi aliagiza inyooshwe kwa rangi ya kopo, na fundi mpya akaambiwa huo ndio mstari wa usalama.

Karani alileta barua ya rambirambi mwenyewe, akaikabidhi kwa mikono miwili. *Marehemu aliumwa kwa muda mfupi*, ilisema. Mke aliisugua ile w kwa kidole, kidole kilichomuuguza mumewe. Karatasi yote iligeuka manjano. W ilibaki nyeusi, na muhuri chini yake.