Chokaa ya Kifungua Mimba

Kila jioni kifungua mimba alitia mawe ya chokaa ndani ya pipa, akayamwagia maji, na yalipoanza kutokota yenyewe bila moto akaweka katikati yake sufuria ya maji ya kuoga ya baba. Nyumba ya fundi chokaa haikuwahi kununua kuni. Baba mwenyewe aliacha kupaka kuta magoti yalipomgomea. Sasa hukaa mlangoni, taulo begani, akimsifu kitinda mimba, anayefanya kazi ofisini mbali na kupiga simu akikumbuka.

"Mdogo wako ana moyo," alisema. "Jana kaniuliza kama naoga maji ya moto."

"Ukamwambia nani anakuchemshia?"

"Tuliongea mengi, mwanangu."

Wivu ulimwaka kifungua mimba. Wanasema mcheza kwao hutuzwa. Yeye alicheza hadi nyayo zikaota sugu, na hata asante hajaiona. Hiyo tu ndiyo aliyoitaka.

Siku mawe yalipoisha, alichovya kidole kupima ubaridi wa maji. Yakachemka. Alipokitoa, kidole kilikuwa kimepungua pingili moja, na ndani ya ndoo, chini, ulikuwa umetulia ujiuji mweupe. Miaka ya kuzima chokaa, kuyamwagia mawe maji jioni hadi jioni, ilikuwa imemwingia mwilini, kama kitunguu kinavyomwingia mpishi. Akapeleka maji bafuni.

"Leo yamekolea," baba alisema.

Ukawa ndio utaratibu. Baba asipomtaja kitinda mimba, maji yalikuwa vuguvugu. Akimtaja, yalitokota mara moja. Jirani, mshona nguo, alimuuliza atavaa wapi pete siku akiposwa.

"Niposwe, baba nimwachie nani?"

Vidole vya mkono mmoja viliisha, kikafuata kiganja chake. Ujiuji aliumimina kwenye debe, maana chokaa haitupwi.

Kisha kitinda mimba akapiga simu kwamba anakuja kutembea. Baba aliinuka, magoti na yote, akashika brashi, akapaka chumba cha mgeni kwa chokaa ya debe lile. Alipomaliza akamwita kifungua mimba aje aone.

"Tangu nianze ufundi sijapata chokaa kama hii. Imetoka wapi?"

"Kwangu, baba."

Baba alipapasa ukuta taratibu, kwa mapenzi. "Mdogo wako atafurahi sana," alisema. "Na akifika atataka kuoga, usisahau."

Kifungua mimba alijaza ndoo ya pili, akapandisha kwa meno mkono wa gauni wa upande uliobaki. Maji yalianza kutokota kabla hajayagusa.