Mkono wa Kuanzia

Kikapu kilitupwa katikati ya jamvi, kikabingirika mpaka magotini pa Mkamburi.

"Mchuuzi Mwanzia anakiuza sokoni Voi," alisema Bwana Danson, afisa aliyekuwa akiwachukulia vikapu vyao kuviuza Nairobi. "Vikapu vya hapa Rukanga vinapitia kwangu, ama havipiti. Huu ni mkono wa nani?"

Wanawake kumi na wawili waliinamia makonge yao. Vikapu alivyochukua tangu Pasaka hawajaona pesa yake; kila wakiuliza, huambiwa Nairobi hawajalipa.

Mkamburi hakukusudia. Mkono wenyewe ulikigeuza kikapu, dole gumba likapapasa kitako, pale nyuzi za kwanza zinapofungwa. Kila msukaji ana kufunga kwake, kama mtu na mwendo wake. Hizi zilibanwa kushoto, mara mbili.

"Mama, wewe umejua," Danson akasema, akitabasamu.

"Mimi? Hata, bwana."

"Basi oda ya vikapu themanini naipeleka Werugha. Kule hawana kiburi."

Mkamburi aliwatazama wenzake. Hakuna aliyemtazama.

"Ni wa wifi yangu, Zipporah. Mtoto alishikwa na homa, bwana, na hakuwa na..."

"Sikuuliza habari za homa. Atoke chamani."

Zipporah alikusanya nyuzi zake, akazifunga kwa leso, akaenda. Hakutukana. Afadhali angetukana.

Jumatatu ndipo walipokumbuka kwamba vitako vyote vya vikapu vikubwa vya oda huanzwa na Zipporah. Wao huendelea kusuka kutoka hapo. Walijaribu wenyewe, vikapu vikakaa upande kama walevi. Wakamtuma Mkamburi.

Alimkuta mlangoni akichambua kunde. Akasimama na furushi la nyuzi kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Wifi, wamenituma."

"Juzi ulituma mdomo. Leo umeleta miguu."

Mkamburi alilitua furushi miguuni pake. Zipporah alifuta mikono, akafunga kitako, akamtupia, akafunga kingine. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa, mpaka themanini vikatimia.

Danson alipokuja kukagua, alichagua kimoja, akakigeuza juani.

"Hiki kinaenda maonyeshoni Nairobi, na jina la aliyekisuka. Ni mkono wa nani?"

Wale wengine kumi wakainamia makonge yao.

"Wangu," alisema Mkamburi.

Danson akampa kikapu, karatasi na kalamu. Mkamburi aliliandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, dole gumba la mkono wa pili likifunika kitakoni pale palipobanwa kushoto, mara mbili.